Huoni na umeajiriwa? Kuomba msamaha wa ushuru, na barua iliyonikwamisha

Ikiwa umeajiriwa hapa Kenya na una kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, Sh150,000 za kwanza za mshahara wako wa kila mwezi zinaweza kusamehewa ushuru wa mapato. Kadi peke yake haitoshi, msamaha unaombwa. Mimi nilipoteza miezi minne kwa karatasi moja.

Kusanya kwanza vya kawaida: nakala za kitambulisho na kadi, PIN ya KRA (Mamlaka ya Ushuru), hati ya mshahara ya karibuni, ripoti ya daktari na cheti cha kutimiza ushuru. Cheti hicho kitakwama ikiwa una ritani (taarifa za mapato za kila mwaka) za nyuma ambazo hujawasilisha, kwa hivyo anza nazo.

Sasa barua ya mwajiri. Inatakiwa ieleze ulemavu wako ni upi na unaathiri kazi yako namna gani. Meneja wetu, kwa moyo safi, aliandika kwamba nafanya kazi sawa na wenzangu na sina shida yoyote. Nilifurahi niliposomewa. Maombi yakarudishwa. Barua ile nzuri ilikuwa imeficha kila gharama ninayobeba ndipo nilingane na hao wenzangu.

Ya pili tuliiandika tumeketi pamoja. Tulitaja kwamba karatasi yoyote lazima niipitishe kwenye skana kwanza ndipo kompyuta inisomee, kwamba majedwali ya picha hunichukua muda mara mbili, kwamba jioni napanda teksi kwa sababu stendi ya matatu iko ng'ambo ya barabara kuu. Hatukutia chumvi hata kidogo. Usione haya kuyasema haya: ni kweli, na hayakupunguzii uhodari wako. Omba utumiwe barua kwa baruapepe uisome mwenyewe kabla haijapigwa muhuri.

Kwenye iTax, tovuti ya KRA ya huduma za ushuru, swali la hesabu katika ukurasa wa kuingia ni picha. Ukitumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, nenda kwenye picha hiyo ubonyeze kitufe cha NVDA pamoja na R. Windows 10 na za baadaye hujaribu kutambua maandishi yaliyomo. Ikishindikana, mwite mtu akusomee tarakimu tu. Nywila yako usimpe mhudumu wa saiba, hata akiwa mpole vipi.

Cheti cha msamaha kikitoka, mpelekee mhasibu wa mishahara siku hiyohiyo, kisha ukague hati ya mshahara ya mwezi unaofuata. Kama mshahara hauzidi Sh150,000, PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, haifai kuwepo. SHIF (bima ya afya), NSSF (akiba ya uzeeni) na makato ya nyumba yataendelea. Ritani bado utawasilisha kufikia 30 Juni. Tarehe ya mwisho ya cheti iweke kwenye kalenda ya simu, uanze kuomba upya miezi kadhaa mapema, maana kikiisha muda makato yanarudi.