Dizeli inagoma kuwaka asubuhi: kabla hujashusha pampu pima hivi

Naandika hii baada ya kumsaidia jamaa mwenye Toyota Hiace ya injini ya 5L, aliambiwa gereji pampu ya dizeli (ile inayosukuma dizeli kwenye injekta) imekufa atafute nyingine, bei ya pampu mnaijua wenyewe. Gari ilikuwa inavuta hewa tu kwenye njia ya dizeli. Na kwa hizi injini za 2L, 3L na 5L zenye pampu ya kimekanika, nikisikia mtu anasema pampu imekufa mimi naanza na hewa, halafu ndo tuongee habari za pampu.

1. Betri, dizeli ipo, filta si ya mwaka juzi. Mnajua.

2. Angalia ekzosi wakati mwenzio anapiga stata. Ikitoa moshi mweupe maana yake dizeli inafika ila haiungui, hapo nenda kwenye hita plagi (zile zinazopasha moto injini kabla ya kuwaka), taimingi (muda wa dizeli kuingia) au komprashen (mgandamizo wa hewa kwenye silinda), pampu iache. Isipotoa moshi kabisa, dizeli haifiki, endelea chini.

3. Solenoidi ya kuzimia, yaani vali ya umeme inayofungua na kukata dizeli kwenye pampu. Ipo nyuma ya pampu karibu na zinapotokea bomba za injekta, ina waya mmoja. Weka swichi on, chomoa na rudisha waya, lazima usikie "tak". Kama kimya pima kwa tesita, moto haufiki basi tafuta fyuzi na waya. Ukitaka uhakika vuta waya kutoka betri moja kwa moja, gari ikiwaka umepata jibu (kuzima unachomoa huo waya).

4. Hewa. Hapa kaa chini maana ndo watu wanapoliwa hela.

Hizi Toyota hazina pampu kwenye tenki, pampu yenyewe ya injini ndo inavuta dizeli toka nyuma mpaka mbele. Sasa kitu kinachovuta kikiwa na tundu hakimwagi, kinaingiza hewa, kwa hiyo utakagua chini ya gari pakavu kabisa hakuna hata tone na bado tundu lipo. Dalili yake: ikilala usiku asubuhi inasumbua, ukipiga pampu ya mkono pale juu ya filta inawaka, mchana inawaka vizuri tu. Jaribio la bure, ilaze usiku kwenye mteremko pua ikiangalia chini, asubuhi ikiwaka mara moja basi ni dizeli inarudi tenki usiku.

Kujua hewa inaingilia wapi, nenda hadwea nunua nusu mita ya ule mpira mweupe wa levo ya maji wanaotumia mafundi ujenzi. Funga kipande pale dizeli inapoingia kwenye pampu, washa, angalia. Vipovu vidogo viwili vitatu mwanzoni si kitu, vikija mfululizo hapo kuna kazi. Hamisha mpira uweke kabla ya filta. Kama hapa ni safi ila baada ya filta kuna vipovu, ni kichwa cha filta: diaframu ya pampu ya mkono imechanika au oringi ya ile sensa ya maji chini imekaa vibaya baada ya kubadili filta (hii sana!). Kama vipovu vipo hata kabla ya filta, fuata bomba mpaka tenki. Chomoa kila mpira uangalie SEHEMU ILIYOKAA CHINI YA KLIPU, nje unaweza kuwa mzima unang'aa na pale chini una nyufa kama kisigino. Usikaze klipu zaidi, kata au badili. Na huo mpira wa levo ni wa kupimia tu, dizeli inaugeuza mgumu, usiuache humo.

Bado hujaelewa? Chukua dumu la lita 5, dizeli safi, liweke juu kuliko pampu, ingiza mpira wa pampu humo. Gari ikitulia pampu nzima, tatizo liko nyuma. Ila kama dizeli inaanza kuchuruzika kwenye shafti ya mkono wa akseleta juu ya pampu, hiyo sili ya pampu imechoka, na hewa ilikuwa inapitia hapo hapo.

5. Injekta. Legeza nati namba 17 kwenye injekta moja, piga stata, dizeli iruke kwa kupigapiga. USIJARIBU HII kwenye komoni reli (injini mpya za dizeli zenye reli moja ya presha kubwa) kama 1KD, ile presha inapita bar 1,000 na inatoboa ngozi. Macho na mikono mbali hata kwenye hizi za zamani.

Na tafadhali, kumwagia petroli au spreya kwenye ea klina ili iwake, acheni. Hita plagi zikiwa na moto inalipukia humo humo, pistoni zinapasuka halafu unalaumu pampu.

6. Imethibitika ni pampu. Peleka kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, sio wa kufungulia juu ya gunia. Weka alama ya taimingi kabla ya kuishusha. Ukiona ndani imechubuka jiulize unajaza wapi, dizeli ndo oili ya hiyo pampu na mafuta ya taa hayalainishi, na hapa Tanzania uchakachuaji wa kuyachanganya na dizeli haukuisha pamoja na ushuru wa mafuta ya taa kupandishwa 2011.

Wakati wa kurudisha, boliti ya mpira wa kurudi imeandikwa OUT na ina katundu kadogo, ukiibadilisha na ya kuingilia gari haitakaa sawa na utazunguka siku nzima. Jaza dizeli safi kwenye pampu kabla ya kupiga stata, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za injekta zitoe hewa, kaza moja moja ikianza kuwaka.