Mpira wa kupumulia ukigoma kuingia: kuwafundisha wanafunzi wa usingizi kwa uhalisia pepe

Mama mjamzito ameingizwa theata kwa upasuaji wa dharura, amepewa nusu kaputi, na mpira wa kupumulia haupiti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hali hii humpata takriban mjamzito mmoja kati ya 390 wanaopewa nusu kaputi. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuhitimu, akapangiwa hospitali ya wilaya ambako usiku yeye ndiye mtaalamu pekee wa usingizi, na hajawahi kuiona hata mara moja. Hapa ndipo miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mvaaji theata ya kuigiza kana kwamba yumo ndani yake, inapolipa gharama yake. Ninavyofundisha mimi ni hivi.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi ya mkono na kazi ya kichwa

Vishikio vya miwani havina uzito wa laringoskopu, kile kifaa cha kuinulia ulimi ili koo lionekane. Mwanafunzi hahisi ulimi ukimkatalia, wala hajui kama anayaegemea meno ya mgonjwa. Ufundi wa mkono ufundishe kwenye sanamu la mafunzo, na miwani iachie mpangilio wa hatua, muda, na maneno ya kutamka.

Maneno hayo yana uzito. Mwaka 2005 huko Uingereza, Elaine Bromiley alilazwa usingizi kwa upasuaji mdogo wa pua. Njia ya hewa ikashindikana, na madaktari wazoefu wakaendelea kujaribu kuweka mpira huku oksijeni ikiwa chini. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa shingo ili hewa ipitie hapo, havikutumika. Mama yule alifariki siku kadhaa baadaye. Waliokuwa chumbani walikuwa na ujuzi wa mikono. Muda uliwaponyoka na hakuna aliyetamka kwamba wameshindwa. Kisa hiki huwasimulia wanafunzi kabla hawajagusa kifaa chochote.

Hatua ya 2: Andaa chumba na miwani

Tumia miwani inayojitegemea bila kompyuta, kama Meta Quest 3. Pakua programu na masasisho yote siku moja kabla, maana intaneti ya chuo haina ahadi. Chaji ijae, betri hudumu kama saa mbili tu, kwa hiyo panga foleni ya wanafunzi mapema. Tenga nafasi wazi ya mita 2 kwa 2. Miwani usiiache dirishani: jua likipiga lenzi huiunguza skrini ya ndani. Spiriti usiipake kwenye lenzi. Kitambaa kikavu laini kinatosha, na sehemu inayogusa uso ifutwe kila mwanafunzi anapomaliza.

Mikanda ya kichwa ilegeze kabla ya kuvaa. Aliyesuka nywele au aliyevaa hijabu anahitaji muda wa kuiweka sawa, na asipopewa muda huo atafanya zoezi zima huku picha ikiwa na ukungu.

Hatua ya 3: Kifananishe kisa cha zoezi na hospitali zetu

Programu nyingi zina propofoli (dawa ya usingizi), laringoskopu ya video na wasaidizi wanne. Chagua inayokuruhusu kubadilisha orodha ya dawa na vifaa. Mimi huweka ketamini ya kulaza usingizi miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, suksamethoniamu ya kulegeza misuli miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, laringoskopu ya kawaida, mtungi wa oksijeni na mashine ya kunyonya makohozi. Msaidizi ni mmoja. Kama programu haikubali kubadilishwa, tafuta nyingine.

Hatua ya 4: Mzoeshe mwanafunzi

Muulize kwanza kama ana kifafa au hupata kizunguzungu. Kisha mpe dakika kumi za kutazama tu chumba, kushika vitu na kuvirudisha mezani. Akianza kutoka jasho au kusikia kichefuchefu, mvue miwani mara moja, usimwambie avumilie.

Hatua ya 5: Endesha kisa

Rusha picha kwenye skrini ya ukutani ili darasa zima lione. Mwanafunzi wa pili asimame kando yake akiwa muuguzi msaidizi, na kazi yake kubwa iwe kutaja muda kwa sauti.

Anza na maandalizi: mto chini ya nyonga ya kulia, kichwa kiinuliwe, oksijeni safi kwa dakika tatu kwa maski iliyobana vizuri. Mjamzito hutumia oksijeni nyingi na akiba ya mapafu yake ni ndogo, hivyo huporomoka haraka kuliko wagonjwa wengine.

Dawa zikishaingia, fanya njia ya hewa ishindikane. Sasa nyamaza, umtazame. Mlio wa kipima oksijeni unashuka sauti kadiri namba inavyoshuka: 97, 93, 88. Mwanafunzi ameinama, macho yako kooni, mkono wa kushoto umeinua kishikio hewani, na masikio yake ni kama yameziba. Msaidizi anasema, "Dada, dakika moja imepita." Hajibu. Usimwokoe bado.

Unachosubiri ni mambo haya, kwa mpangilio huu. Majaribio ya mpira yasizidi mawili. La tatu ni la mzoefu pekee, kama yupo. Kati ya jaribio na jaribio ampe hewa kwa maski. Kisha atamke wazi, "Nimeshindwa kuweka mpira, iteni msaada." Aweke LMA (maski ndogo inayokaa kooni juu ya njia ya hewa) au arudi kwenye maski ya usoni. Hivyo vikishindwa pia, atangaze kwamba hawezi kumpa mgonjwa oksijeni na atoboe shingo mbele. Oksijeni ikirudi, ndipo aamue na daktari wa upasuaji: mama aamshwe au upasuaji uendelee.

Hatua ya 6: Kaeni mjadili

Mjadala uchukue muda mrefu kuliko kisa chenyewe. Usianze na makosa. Muulize, "Oksijeni ilipofika 90, ulikuwa unawaza nini?" Mara nyingi atakwambia hakuusikia mlio kabisa, na hapo mna la kuzungumza. Muulize na msaidizi: mbona hukurudia ulipoona hujibiwi? Katika mila zetu mdogo kumkatiza mkubwa ni jambo zito, kwa hiyo wafanye mazoezi ya sentensi yenyewe, kwa mfano: "Daktari, oksijeni ni 85, LMA hii hapa mkononi mwangu."

Umeme ukikatika, endelea bila miwani. Kozi ya VAST, ya mafunzo ya usingizi kwa kuigiza visa, iliyojaribiwa Rwanda mwaka 2018, imejengwa juu ya visa na mijadala bila vifaa vya bei ghali.

Hatua ya 7: Rudini kwenye sanamu, kisha theata

Siku hiyohiyo arudie kisa kilekile kwenye sanamu, sasa kwa laringoskopu halisi. Baada ya wiki chache mvalishe tena miwani, ukibadilisha pale panapokwama: mara LMA ikubali, mara ikatae, mara mtungi wa oksijeni uishe. Theata aingie na msimamizi, na kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, aieleze timu nzima kwa sauti mpango wake iwapo mpira hautaingia. Asiyeweza kuueleza asishike laringoskopu siku hiyo.