Kabla hujapanda Ngozi: ya kuzingatia kwa anayekuja kuona maziwa ya Rungwe na Kyela

Likizo ikikaribia, simu ninazopokea huwa za aina moja: tunakuja Mbeya siku mbili, tunataka Ngozi (ziwa la juu mlimani), Daraja la Mungu (mwamba wa asili uliovuka mto), Kijungu, Masoko, Kisiba, halafu tumalizie Matema kuogelea. Karibuni sana, ila orodha hiyo haiingii kwenye siku mbili. Mimi naishi Uyole, barabara ya Tukuyu inapita karibu na kwangu, na nimeona wageni wengi wakirudi wamelowa, wamechoka, na walichofuata hawakukiona. Soma haya kabla hujakata tiketi.

Anza na msimu. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi sana Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua zinaanza Novemba na kuvuta hadi Mei. Machi na Aprili achana na Ngozi kabisa. Juni hadi Agosti mvua inapungua lakini baridi ya huku si mchezo. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayowaambia ndugu zangu. Anayefuata maua ya hifadhi ya Kitulo hesabu yake ni nyingine: yale yanachanua mvua ikiwepo, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo huyo akubali kulowa.

Nguo: beba za baridi na za joto. Ukingo wa Ngozi uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni kama mita 475 tu. Asubuhi utatetemeka, jioni utatafuta feni. Sweta zito na koti la mvua ni vya mlimani, chandarua na dawa ya kujipaka ni vya ziwani, maana Kyela mbu wapo na malaria ipo.

Viatu: raba yenye meno, au gambuti kama kumenyesha. Kandambili ziache kwenye gari.

Maji ya kunywa: beba. Njia ya Ngozi haina kijito cha kukinga maji.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Milima ya Uporoto ina tabia yake. Asubuhi na mapema kunakuwa kweupe, jua linapochanganya ukungu unaanza kupanda kutoka mabondeni, na ikifika saa sita au saa saba mchana ziwa linaweza kuwa limefunikwa lote. Unasimama ukingoni, chini yako kuna ziwa kubwa la kreta, yaani shimo la volkano, na unachokiona ni weupe mtupu. Kwa hiyo uwe umeanza kupanda saa mbili asubuhi, siyo umetoka hotelini saa mbili. Kutoka Mbeya mjini hadi Isongole, kwenye barabara ya Tukuyu, ni mwendo wa gari, kutoka lami hadi mguu wa mlima ni kilomita kadhaa za vumbi au tope, halafu ndiyo uanze msitu wenyewe, ambao mtu wa kawaida anaupanda kwa saa moja na nusu au zaidi.

Kuna siku nilikuwa pale chini kwenye kibanda cha chai, nasubiri usafiri wa kurudi, wakaja wageni watano kutoka Dar es Salaam kwa bodaboda. Vijana wanne na shangazi yao. Ilikuwa saa tisa alasiri. Shangazi alivaa viatu vya wazi, na kitenge juu ya gauni. Kijana mmoja anayepeleka wageni mlimani akawaambia kwa heshima kabisa, "Mama, leo muda umeenda, njooni kesho asubuhi mtaliona ziwa vizuri." Wakajibu kesho alfajiri wana basi. Akawaambia basi niwasindikize. Wakaona anatafuta hela. Wakaingia msituni peke yao.

Saa kumi mvua ikashuka. Sehemu ya mwisho ya njia ile ni kama ngazi ya mizizi, na ikinyesha udongo wake mweusi unateleza kama sabuni. Giza lilipoingia, vijana watatu wakatokea, wametapakaa tope hadi kwenye nywele, wanasema shangazi ameteguka mguu na mdogo wao amebaki naye. Dereva wa boda akanifuata: "Kaka, hawa wawili wakilala kule juu hatutawapata salama." Tukapanda na wanaume wa kijijini, tochi tatu, panga moja, blanketi moja.

Tuliwakuta zaidi ya nusu ya njia. Shangazi amekaa juu ya mzizi, mguu umevimba hadi mkanda wa kiatu umezama kwenye nyama, midomo inatetemeka, hawezi kumaliza neno. Simu ya kijana ilikuwa imezima, maana ndiyo ilikuwa tochi yao. Akatuambia walikuwa wanasikia honi ya pikipiki kutoka bondeni, dereva akiwapigia kusudi, lakini kwenye mianzi ile sauti ilikuwa inatoka kila upande na hawakujua wafuate wapi. Tukamvua kile kitenge kilicholoa, tukamfunga blanketi, tukambeba mgongoni kwa kupokezana. Tulifika chini karibu saa sita usiku. Mama wa kibandani akafungua tena, akawasha jiko, akampa chai ya sukari nyingi kikombe baada ya kikombe mpaka akaanza kuongea. Basi la alfajiri liliondoka bila wao. Na ziwa hawakuliona, ukungu ulishafunika walipofika ukingoni.

Ndiyo maana nasisitiza: jiwekee saa ya kugeuza. Kama saa saba mchana hujafika ukingoni, rudi. Beba tochi yenyewe, siyo simu, hata kama unaenda asubuhi. Mchukue mwenyeji, mkubaliane malipo kabla ya kuanza, na akikuambia leo basi, iwe basi. Kushuka hadi kwenye maji ya Ngozi ni habari nyingine kabisa, ukuta wa kreta umesimama. Wengi wanaishia juu na hawapungukiwi kitu. Mwenye pumu au presha aseme mapema, asisubiri katikati ya mlima.

Kingine kinachopuuzwa ni hewa. Rungwe ni nchi ya volkano, na baadhi ya sehemu ardhi inatoa hewa ya ukaa ambayo haina rangi, na ukiivuta kwa wingi inaua. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya kwenye vishimo na mabonde madogo, hasa pasipo na upepo. Wenyeji wanavijua vishimo vyao. Ukiona ndege au wadudu wamekufa shimoni, usiiname kupiga picha, na mtoto asiingie. Ukitaka kupiga hema, uliza kwanza, na usilale mahali palipobonyea.

Viingilio: mtu akikudai hela, omba risiti. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, malipo yanafanyika kwa namba ya malipo, kwa hiyo uwe na salio kwenye simu kabla hujafika getini. Kama unakwenda Kitulo kwa kupitia Chimala, jua kwamba utapanda zile kona 57 za kuelekea Matamba. Dereva asiyezijua asizijaribu kwenye mvua.

Daraja la Mungu na Kijungu viko kwenye mto Kiwira, na upande ule kuna chuo cha Magereza. Jitambulishe getini, uliza wapi panaruhusiwa kamera, usianze kupiga picha kila kitu. Pale Kijungu maji yanaingia kwenye chungu cha mwamba yakizunguka kama yanachemka, na mwamba wa pembeni umelainishwa na hayo maji. Kuna vijana wanaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili wapigwe picha. Nawaomba sana wasiruke, na mkubwa aliyekuja nao awazuie. Ukidondoka mle hakuna mtu wa kukufuata.

Maziwa ya Masoko na Kisiba ni mepesi kufika, gari linakufikisha karibu, na mtu mzima asiyeweza Ngozi atafurahi pale. Ila ni maziwa ya kreta nayo, kina kinaanza ghafla. Mtoto ashikwe mkono.

Matema tenga siku yake na ulale. Ziwa Nyasa asubuhi limetulia, mchana upepo unaweza kuinua mawimbi makubwa, kwa hiyo mtumbwi wa kwenda Ikombe kwa wafinyanzi uwe wa asubuhi, na uvae boya. Usioge karibu na mdomo wa mto Lufilyo, mamba wapo. Kichocho nacho kipo ziwani. Epuka maji yaliyotuama yenye majani, na ukirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa kapime. Simu yako inaweza kukamata mtandao wa Malawi ikakukata salio, iangalie.

Gari la kukodi likaguliwe breki na taa kabla ya kutoka Mbeya, maana kutoka Tukuyu hadi Kyela ni kushuka tu. Dereva atumie gia ndogo, asikanyage breki njia nzima. Usiku wenye ukungu msisafiri. Achia nyumba ya wageni jina lako, unakokwenda na saa ya kurudi, na namba ya mwenyeji wako iandike kwenye karatasi pia, simu huzima. Fedha taslimu kidogo iwepo, dawa za kuhara ziwepo, mfuko wa taka uwepo. Na watoto wakisema wanasikia baridi, waamini, wageuzeni mapema.