Tengeneza dumu la kuokolea kabla masika hayajaanza

Masika yakishika Dar es Salaam, mashimo ya mchanga na kokoto kama ya Kunduchi hujaa maji, na watoto wakitoka shule huko ndiko wanakopiga mbizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5.

Nikifundisha huduma ya kwanza mitaani, kila mtu hutaka kujua nani anaweza kuogelea. Mimi nauliza kamba iko wapi. Anayezama humkumbatia mwokozi wake wakazama wote wawili, kwa hiyo tunamrushia dumu lililofungwa kamba, hatuingii majini.

1. Dumu. La lita 20 linaelea vizuri ila halifiki mbali. La lita 5 ni dogo kwa mtu mzima. Chukua la lita 10. Tia maji kikombe kimoja au viwili, maana likiwa tupu kabisa upepo unalirudisha. Paka gundi kwenye mfuniko, ufunge moja kwa moja. Gundi inazuia maji, na pia inazuia majirani: dumu zima halilali nje mjini hapa.

2. Kamba. Manila ya plastiki, mita 15. Ijaribu kwenye ndoo, inayozama haifai. Ncha moja ifunge kwenye mkono wa dumu, nyingine ipige fundo kubwa. Usiizungushie dumu, itajisokota. Irundike tu ndani ya kiroba.

3. Mahali. Litundike penye maji, si ofisi ya serikali ya mtaa inayofungwa jioni. Mjumbe alitangaze kikaoni. Kisima cha uani kwanza kipate mfuniko wenye kufuli.

4. Kurusha. Mmoja apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Wewe kanyaga fundo, mpigie kelele akutazame, rusha dumu lipite bega lake, kisha livute limfikie. Akilishika, keti chini uvute taratibu. Kamba usiifunge mkononi kamwe.

5. Kama hapumui. Msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Desturi hiyo inakula dakika na kupeleka matapishi mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara 5. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, puliza mara 2, rudia mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka na kudai yuko sawa, bado apelekwe hospitali: maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.