Jinsi ya kufuatilia historia ya meli ya matanga iliyofunza mabaharia

Usianze na jina. Anza na mwili wa meli, manake jina hubadilika kila ikipata mwenyewe mpya lakini chuma ni kile kile. Vijana wanaosomea ubaharia hapa Mombasa nawaona wakitafuta Kruzenshtern kwenye simu, wanapata ni meli ya mafunzo ya Urusi, bandari yake Kaliningrad, basi wanaachia hapo. Hiyo ni nusu ya stori. Chombo hicho kiliundwa 1926 Bremerhaven, Ujerumani, kikaitwa Padua, mali ya kampuni ya F. Laeisz ya Hamburg ambayo meli zake zilikuwa na mtindo wa kupewa majina ya P, Pamir, Passat, Padua, halafu vita vilipokwisha ikachukuliwa na Wasovieti 1946 ndio ikapewa hilo jina la sasa. Kwa hivyo chukua daftari uandike iliundwa wapi, mwaka gani, na wenyewe wote waliofuatana, kisha utafute kwa kila jina kivyake. Ukitafuta jina moja tu miaka 20 ya mwanzo yote inakupotea.

Picha nazo uzisome vizuri, usiangalie uzuri tu. Hesabu milingoti. Padua ina minne, mitatu ya mbele ina foromali za kukingama, yaani boriti za kutundikia matanga, wa nyuma kabisa hauna, na ukiona ubavu mweusi una mstari mweupe wenye vitundu vyeusi kama vya mizinga, hiyo ni rangi tu, haikuwa manowari hata siku moja.

Sasa swali kubwa ambalo watu hawaulizi: ilibeba nini? Hizi zilikuwa meli za biashara, kadeti alijifunza huku shehena iko chini ya miguu yake, mbolea ya naitreti kutoka Chile, ngano kutoka Australia. Meli za injini zilikuwa zimejaa baharini zamani lakini Ujerumani ilikuwa bado inataka anayetafuta cheti cha afisa awe ametumikia kwenye matanga, ndio maana wale vijana walipanda.

Mimi nilipoisoma habari ya kuzama kwa Pamir sikuielewa, nikampelekea mjomba wangu aliyekuwa baharia wa majahazi, nikamsomea yote pale barazani. Akaniuliza kitu kimoja tu, nafaka ilikuwa kwenye magunia ama imemwagwa? Nikarudi kutafuta. Pamir, iliyoundwa 1905, ilitoka Buenos Aires 1957 na shayiri, nyingi yake imemwagwa hivi hivi ngamani, chini ndani ya meli, na tarehe 21 Septemba ikakutana na tufani Carrie kwenye Atlantiki, kusini magharibi ya visiwa vya Azores. Ikalala upande, shayiri ikahamia upande huo huo, haikuinuka tena. Walikuwa watu 86, wengi wao vijana wa mafunzo, wakaokolewa 6. Uchunguzi uliofanywa Lübeck ukataja huko kuhama kwa shehena, na hata tangi la farumi ya maji, yaani uzito wa chini wa kuituliza meli, lilikuwa limejazwa shayiri. Mjomba akasema, nafaka ya kumwaga ni maji hiyo, ikipata njia inakwenda. Inaniuma mpaka leo nikifikiria wale watoto.

Kwa hivyo ukifika kwenye ajali usiandike tufani ukamaliza. Andika shehena, ilipakiwa vipi, farumi ilikuwa wapi. Kisha tafuta meli dada, hapo ndipo utapata uhakika, manake Passat nayo Novemba mwaka huo huo shayiri yake ilihama, ikajikokota mpaka Lisbon ikafika salama. Haikurudi tena kwenye biashara, sasa imefungwa Travemünde watu wanaitembelea.

La mwisho, kabla hujamwonyesha mtu yeyote, shuka Bandari ya Kale jioni umtafute mzee aliyesafiri na kaskazi na kusi, umsomee polepole. Pale atakapokukatiza akuulize, weka alama kwenye daftari, ndipo pa kurudi kutafuta kesho yake.