Kukagua Nakala ya Kifaa cha Sinema Kabla Hujatoa Pesa

Kazi yangu ni kukagua nakala za vifaa vya sinema kwa niaba ya wakusanyaji: panga za mwanga, kofia za askari wa angani, bastola za kubuni. Karibu kila mteja huanza na swali moja: "Hii ni orijino?" Kwa nakala, swali hilo limekaa upande. Ulizia mambo matatu: nani kaitengeneza, kainakili kutoka kwenye nini, na imekaribia kile cha kwenye sinema kwa kiasi gani. Bei inatoka humo. Nitatumia zaidi mifano ya sinema ya angani ya Star Wars ya 1977, kwa sababu ndiyo inayonakiliwa mno na ndiyo iliyochunguzwa hadi skrubu ya mwisho.

Hatua ya 1: Ipe jina lake

Kabla hujashika rula, amua unatazama kitu gani. Kuna kifaa kilichotumika mbele ya kamera. Kuna kilichotengenezwa kwa ajili ya sinema lakini hakikuonekana. Kuna nakala yenye leseni ya mwenye haki, kuna nakala ya fundi binafsi, na chini kabisa kuna nakala iliyonakiliwa kutoka kwenye nakala. Muuzaji anayesema "ni ya sinema" bila kutaja kundi mojawapo, mwombe ataje kwa maandishi. Wengi hunyamaza hapo hapo.

Hata vifaa vya sinema yenyewe havikuwa sawa. Kofia za stormtrooper, wale askari wa mavazi meupe wa Star Wars, zilikuwa za aina mbili: chache zilizofinyangwa vizuri kwa picha za karibu, na nyingi za plastiki iliyopakwa rangi nyeupe kwa ajili ya askari wa kukimbia na kuanguka. Nakala nzuri inasema imefuata aina ipi. Ikichanganya sifa za zote mbili, aliyeitengeneza alifanya kwa kukisia.

Hatua ya 2: Tenganisha sehemu halisi na kifaa halisi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Wakati wa maandalizi ya sinema hiyo Uingereza, mpambaji wa seti Roger Christian alihitaji mpini wa upanga wa mwanga wa Luke Skywalker, shujaa wa sinema. Katika duka la vifaa vya picha London alikuta mipini ya flashi ya Graflex, kampuni ya Rochester, New York, iliyouzia wapiga picha wa magazeti. Ni bomba la shaba lililopakwa metali nyeupe kwa juu, lenye kitufe chekundu ubavuni, linalomeza betri tatu kubwa. Akabandika vipande vya plastiki nyeusi vya kushikia, akaweka kile kioo cha plastiki chenye viputo kinachokuza tarakimu za kikokotoo, upanga ukawa tayari. Bajeti ilikuwa ndogo, na mtu huyo huyo akaja kupata Oscar kwa kazi ya sinema hiyo.

Matokeo yake ni kwamba leo unaweza kununua Graflex ya zamani, ukabandika vipande vile vile, ukawa na upanga ambao kila sehemu yake ni ya kweli. Muuzaji akisema "Graflex halisi ya miaka ya 1940" huenda hasemi uongo. Lakini amekuambia umri wa bomba tu. Kifaa kizima ni nakala iliyounganishwa juzi, na thamani yake ni bei ya flashi hiyo sokoni, kuongeza kazi ya fundi, basi.

Fungua kitako utazame maandishi. Graflex ya zamani ina jina la kampuni na la mji wa Rochester yaliyogongwa kwenye chuma. Herufi zilizogongwa na mashine ya kiwanda zina kingo zilizozama na kuchakaa pamoja na chuma kilichozizunguka. Zilizochongwa kwa leza zina kina kimoja na kingo kali. Mafundi wa leo wanatengeneza mabomba mapya ya kuvutia sana, na sina neno nao, mradi bomba jipya lisiuzwe kwa bei ya kuukuu.

Mtu akidai mpini wake ndio ule ule ulioshikwa mbele ya kamera, kazi inabadilika kabisa. Mwombe picha za sinema au za nyuma ya kamera zinazoonyesha mkwaruzo fulani mahali fulani, na mkwaruzo huo uwepo kwenye kifaa. Kufanana kwa umbo hakuthibitishi chochote, kwa kuwa viwanda vilitoa maelfu ya mabomba yanayofanana. Desemba 2018 mpini uliotangazwa Marekani kuwa wa Luke, ukikadiriwa kufika dola 150,000 hadi 200,000, uliondolewa mnadani baada ya wapenzi wa Star Wars kuhoji uhalisi wake. Wapenzi ndio wakaguzi wakali kuliko wote. Usione haya kuwauliza.

Hatua ya 3: Pima uzito, kisha vipimo

Mizani ya jikoni inatosha. Shaba ina uzito wa takriban mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, na chini ya kromu zote zinang'aa sawasawa. Picha za mtandaoni haziwezi kukuambia tofauti hiyo, kwa hiyo mwombe muuzaji apige picha kifaa kikiwa juu ya mizani.

Kwa kofia na vinyago, pima kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia upana na unene. Resini, yaani plastiki ya kumimina, husinyaa kidogo inapokauka. Mtu akichukua nakala ya mwenzake, akaitengenezea kalibu ya silikoni na kumimina upya, toleo lake linatoka dogo kidogo kuliko la mwanzo. Anayemnakili huyo anapata dogo zaidi. Kila kizazi pia kinapoteza kingo na kubeba mapovu na alama za mshono za kizazi kilichotangulia. Ukiona mshono ambao umepakwa rangi lakini hauna kazi yoyote kwenye umbo, ujue umerithiwa. Nakala ya namna hiyo haina soko la maana, hata iwe imepakwa rangi na mikono ya dhahabu. Wakusanyaji wanaidharau pia kwa sababu mara nyingi aliyechonga wa kwanza hakuombwa ruhusa.

Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) inasaidia kuonyesha mahali palipozibwa au kupakwa rangi upya.

Hatua ya 4: Tafuta kasoro

Kinyago cha Darth Vader, adui mkuu wa Star Wars, cha 1977 kilichongwa kwa mkono na Brian Muir, na nusu zake mbili hazilingani. Uso wake pia haukuwa mweusi wote: sehemu zake zilipakwa kijivu cha chuma. Kwa sinema ya Star Wars ya 2005 umbo lilisawazishwa, pande mbili zikawa sawa. Basi ukiletewa "Vader wa 1977" mwenye mashavu pacha na weusi mmoja unaong'aa, anayekuuzia amekosea mwaka. Mnunuzi mgeni huona kinyago kilichopinda akadhani kimeharibika, akachagua kile kizuri. Sisi tunachagua kilichopinda.

Hatua ya 5: Soma karatasi

Cheti kina nguvu ya aliyekitia saini, hakina nguvu nyingine. Kama ni nakala yenye leseni, namba ya kwenye cheti, kwenye kibao cha chuma na kwenye sanduku lazima ziwe moja. Nakala za kampuni ya Master Replicas za miaka ya 2000, kwa mfano, zilitoka kwa idadi maalumu zikiwa na vibao. Ikikosa kibao na sanduku, jiandae kuilipa kidogo na kuiuza kidogo.

Leseni nayo si jambo la nchi zote kwa namna moja. Andrew Ainsworth, aliyetengeneza kofia za stormtrooper kwa ajili ya sinema yenyewe, baadaye aliziuza kwa wakusanyaji. Mahakama ya California iliipa Lucasfilm, kampuni yenye haki za Star Wars, fidia ya dola milioni 20 mwaka 2006. Lakini Julai 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kofia hiyo si sanamu, kwa hiyo haina hakimiliki ya kazi ya sanaa huko. Wakati huo huo ikaruhusu madai ya hakimiliki ya Marekani kusikilizwa mbele ya mahakama za Uingereza. Kofia isiyo na leseni inaweza basi kuwa na ukoo wa karibu sana na sinema. Andika ukoo huo na hali ya leseni kama mambo mawili tofauti kwenye ripoti yako.

Hatua ya 6: Tafuta bei iliyolipwa

Bei iliyobandikwa ni ndoto ya muuzaji. Tafuta bei za mauzo yaliyokamilika, na uulize kama zinajumuisha ada ambayo mnunuzi huulipa mnada. Viatu vyekundu vya Dorothy wa sinema ya The Wizard of Oz, vilivyoibwa 2005 na kupatikana 2018, viligongewa nyundo kwa dola milioni 28 kwenye mnada wa Heritage Auctions Desemba 2024. Pamoja na ada vilifika milioni 32.5. Usitumie bei ya orijino kukadiria nakala. Bastola ya Han Solo, mhusika mwingine wa Star Wars, iliuzwa dola 1,057,500 mwaka 2022, na nakala zake hazikupanda ngazi kwa sababu hiyo. Kinachozishusha ni kampuni kutangaza toleo jipya lililo bora zaidi, kwa hiyo chunguza kama linakuja kabla hujalipa bei ya adimu.

Hatua ya 7: Forodha

Bastola hiyo ya Han Solo imejengwa juu ya Mauser C96, bastola ya kweli ya Kijerumani, na nakala yake kwenye eksirei ya uwanja wa ndege ni bastola. Uingereza ina sheria ya 2006 inayobana uingizaji na uuzaji wa silaha bandia zinazofanana na za kweli. Pata jibu la maandishi kutoka forodha ya nchi yako kabla mzigo haujaondoka.

Hatua ya 8: Weka alama ya kudumu

Ukishanunua, piga picha kila upande pamoja na rula, hifadhi risiti na mawasiliano yote na muuzaji. Usiisugue ing'ae. Kisha andika ndani, mahali pasipoonekana ikiwa rafuni, neno "nakala", jina la fundi na mwaka. Wino wa kudumu unatosha kwenye resini. Kwenye chuma tumia kalamu ya kuchonga, chini ya kitako.