Valvu ya moyo ya bandia ikiingia fangasi: dawa zinavyoenda na vitu vya kuangalia

Jamani hii ni kwa wenye mgonjwa wa valvu ya bandia aliyeambiwa ina fangasi, maana hapa Dar mtu akisikia fangasi anawaza wa miguuni, wa kupaka. Huyu wa kwenye valvu anaua. Anajishika na utando ambao dawa haipenyi vizuri, ndo maana daktari anaongelea kuibadilisha valvu, msione anawaharakisha tu.

Kabla ya dawa atolewe damu ya kuotesha vijidudu maabara zaidi ya mara moja, na apigwe eko ya moyo (ultrasound ya moyo). Aspajilasi, aina mojawapo ya fangasi, mara nyingi haioti kwenye damu, so majibu safi hayamaanishi yuko salama.

Kama ni kandida, aina nyingine ya fangasi, mara nyingi wanaanza na dripu ya amfoterisini B, ile ya liposomu (iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta) ni mg 3 mpaka 5 kwa kila kilo kwa siku, pengine na flusitosini, dawa nyingine ya fangasi. Aspajilasi kawaida ni vorikonazo. Dripu ikiwa inaingia anaweza kupata homa na kutetemeka kitanda kizima, mwite nesi, ila cha kuogopa zaidi ni figo na potasiamu (madini kwenye damu), inashuka hata kabla hajajisikia chochote, kwa hiyo wewe unayekaa naye wodini uliza majibu ya kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu kila yanapotoka, ni haki yenu. Akishafanyiwa upasuaji dawa inaendelea si chini ya wiki 6.

Wa kandida baada ya hapo huwa anahamia flukonazo ya vidonge, na kwa valvu ya bandia inaweza kuwa ya maisha hata kama homa ilishakata zamani. Sasa hapa ndo watu wanaumia: mwenye valvu ya chuma anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na flukonazo inaiongezea nguvu, dozi aliyozoea inageuka kubwa. INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, irudiwe ndani ya siku chache, msisubiri tarehe ya kliniki. Akiiacha flukonazo kienyeji INR inashuka na damu inaweza kuganda kwenye valvu. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa la mtaani msimnunulie kabisa.

Fizi zikivuja damu, choo kikiwa cheusi kama lami, mdomo ukipinda ghafla, mguu ukawa wa baridi na unauma, usiku huohuo tafuta teksi au bajaji mpaka hospitali ya karibu, waambieni mapema ana valvu ya bandia ili wawasiliane na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na mbebe daftari la INR na dawa zake zote.